Sinia ya Msafiri wa Daraja la Kawaida

Siku hizi si ajabu tena kuona jamaa nzima ya watu wa Lubumbashi imesimama katika uwanja wa ndege wa Luano, ikimsindikiza mmoja wao aendaye mbali. Huyu ni mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo Ubelgiji. Yule ni mama mfanyabiashara aendaye Guangzhou kununua vitambaa. Mwingine ni mgonjwa apelekwaye India kutibiwa. Watapita kwanza katika mji mwingine, kama vile Addis Ababa, kisha wataingia katika ndege kubwa itakayowachukua usiku kucha. Nao karibu wote watakaa upande wa nyuma, katika daraja la kawaida, kwa maana hilo ndilo ambalo mifuko ya jamaa zetu yaliweza.

Juu ya safari hizo watu huulizana mengi: bei ya tiketi, uzito wa mizigo, ruhusa ya kuingia katika nchi za wageni. Ni wachache waulizao juu ya chakula na huduma ndani ya ndege. Lakini hapo ndipo wengi hupata taabu ya bure. Wako wazee waliokaa na njaa muda wa saa nane, kwa kudhani kwamba sinia ile ni ya kulipiwa, nao hawana dola mfukoni. Wako waliovumilia kiu kwa sababu ya kuona haya kumwita mhudumu. Wako pia waliomfokea mhudumu kana kwamba wamemnunua pamoja na tiketi. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu chakula hicho kilianzaje, hupikwaje, kwa nini ladha yake hupungua, na msafiri ana haki gani na wajibu gani.

SAFARI YA SIKU 51

Tarehe 12 Februari 1925 Mbelgiji mmoja, Edmond Thieffry, aliondoka Bruxelles kwa ndege pamoja na wenzake wawili. Walifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili, baada ya siku 51. Miaka kumi baadaye, katika Februari 1935, kampuni ya Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo, na safari ya kwanza ilichukua siku tano na nusu. Mji wetu wakati ule uliitwa Élisabethville, jina ulilokuwa nalo mpaka mwaka 1966.

Katika siku zile chakula hakikuwa jambo gumu sana. Ndege ilitua mara nyingi njiani, nao wasafiri wakapata kula na kulala ardhini. Tena walikuwa wachache, maofisa na watu wenye mali. Fundi wa mgodi au karani wa Kiafrika aliisikia ndege ikipita juu ya paa la nyumba yake, akaitazama, akarudi kazini.

Desturi ya kula hewani ilikuwa imekwisha kuanza Ulaya. Katika Oktoba 1919 kampuni ya Handley Page iliwauzia wasafiri wa kutoka London kwenda Paris kikapu cha chakula baridi kwa shilingi tatu. Ndege zilipoongezeka nguvu, zikaweza kwenda mbali pasipo kutua, makampuni yalilazimika kupika ardhini, kubeba hewani, na kuwapa wasafiri mahali walipoketi. Ndivyo sinia ilivyozaliwa.

VITA VYA SANDWICHI

Wengi hudhani kwamba daraja la kawaida limekuwapo tangu mwanzo. Sivyo. Makampuni ya ndege yalikuwa yameungana katika chama chao kiitwacho IATA, kilichoundwa huko Havana mwaka 1945, nacho kilipatanisha bei na hata aina ya huduma. Mwaka 1952 makampuni yaliweka daraja la watalii, lenye bei nafuu, katika safari za kuvuka bahari ya Atlantiki. Tena, kuanzia Aprili 1958, yaliweka daraja la bei ndogo zaidi, ambalo ndilo baba wa daraja la kawaida la leo.

Lakini makampuni yaliogopa jambo moja. Kama msafiri wa bei ndogo atakula vizuri, nani atakubali kulipa bei kubwa? Basi yakaagana kwamba chakula cha daraja jipya kiwe sandwichi tu, nazo ziwe za kawaida, baridi, tena zisizo za gharama. Kampuni ya SAS ya nchi za Skandinavia ilitii neno, ikaacha nia yake. Iliwapa wasafiri wake sandwichi kama zinavyoliwa kwao: kipande kimoja cha mkate chini, na juu yake nyama, samaki na mboga zilizopangwa kwa ustadi hata mkate usionekane. Kampuni ya Pan American ya Marekani ilishtaki. Wakubwa wakakutana, wakabishana juu ya maana ya neno sandwichi, na mwishowe SAS ikatozwa faini ya dola 20,000.

Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake mna fundisho. Chakula cha msafiri wa bei ndogo hakikufanywa duni kwa sababu nyama ilikosekana. Kilifanywa duni kwa mapatano, ili tofauti kati ya mbele na nyuma ionekane. Tusiwaonee wenye makampuni: daraja lile ndilo lililowafungulia mlango watu wa kipato kidogo, na pasipo hilo wengi wa vijana wetu wasingefika masomoni. Hata hivyo yafaa msafiri ajue kwamba udogo wa sinia yake si kipimo cha utu wake. Ni hesabu ya wafanyabiashara, basi.

Hesabu hiyo haijakwisha. Tarehe 22 Januari 1970 ndege kubwa aina ya Boeing 747 ilianza kuchukua wasafiri kati ya New York na London, nayo iliweza kubeba watu zaidi ya 300. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliyaachia makampuni ya nchi yake uhuru wa kupanga bei katika safari za ndani, na mashindano yakawa makali. Husimuliwa kwamba mwaka 1987 Robert Crandall, mkuu wa American Airlines, aliamuru zeituni moja iondolewe katika kila sahani ya saladi, akaokoa dola zipatazo 40,000 kwa mwaka. Zeituni moja si kitu mbele ya mtu mmoja. Mbele ya wasafiri mamilioni ni mali.

JIKO LISILO NA MOTO

Ndani ya ndege hakuna mpishi wa daraja la kawaida, wala hakuna moto. Chakula hupikwa ardhini, katika majiko makubwa yaliyo karibu na uwanja wa ndege, saa nyingi kabla ya safari. Kikiisha kupikwa hupozwa upesi, kikawekwa mahali pa baridi isiyopita digrii tano hivi, kikapangwa katika visahani na kufunikwa. Visahani huingizwa katika vigari vyembamba, na vigari hupandishwa ndegeni kwa lori ambalo sanduku lake huinuliwa mpaka kwenye mlango wa ndege. Huko juu wahudumu hukipasha moto tu kwa hewa ya moto katika majoko madogo ya umeme. Ndiyo sababu wali huweza kuwa mkavu pembeni, na kuku kuwa laini kupita kiasi.

Kazi hii yataka usafi mkuu. Katika Februari 1975 ndege ya Japan Airlines ilikuwa ikitoka Tokyo kwenda Paris kwa njia ya Anchorage na Copenhagen, ikiwa na wasafiri zaidi ya 340. Asubuhi walipewa mayai na nyama ya nguruwe. Kabla ya kufika Copenhagen watu walianza kutapika na kushikwa na tumbo la kuhara. Waliougua walikuwa 197, na 144 kati yao walipelekwa hospitali. Uchunguzi ulionyesha kwamba mpishi mmoja huko Anchorage alikuwa na kidonda chenye usaha kidoleni, na kwamba chakula kilikaa saa nyingi bila baridi ya kutosha. Kwa bahati njema marubani walikuwa hawakula chakula kile. Tangu zamani makampuni mengi huwaagiza rubani na mwenzake kula vyakula mbalimbali, ili sumu moja isiwaangushe wote wawili.

Mama wa nyumbani, unayewaambia watoto wanawe mikono na kufunika vyungu, unaona kwamba sheria yako ndiyo sheria ya ndege kubwa. Kidole kimoja kichafu kiliwalaza watu wengi kuliko darasa zima la shule.

KWA NINI LADHA HUPUNGUA

Wasafiri wengi hurudi wakisema: «Chakula chao hakina chumvi.» Mara nyingi kosa si la mpishi. Ndege huruka juu sana, kiasi cha mita 10,000 na zaidi, mahali ambapo mtu asingeweza kupumua. Kwa hiyo hewa ya ndani hushindiliwa. Lakini haishindiliwi mpaka ilingane na ile ya pwani. Huwa kama hewa ya mlima wenye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi. Basi mtu wetu, hata akiketi kimya kitini, mwili wake ni kama umepanda mlima mwingine juu ya kwao.

Zaidi ya hayo hewa ya ndani ni kavu kabisa, mara nyingi unyevu wake haufikii asilimia 20. Pua hukauka, na pua ikikauka harufu hupotea, na harufu ikipotea nusu ya utamu wa chakula imekwenda nayo. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walilichunguza jambo hili mwaka 2010 kwa ajili ya kampuni ya Lufthansa. Waliona kwamba hewani ulimi huisikia chumvi na sukari kwa udogo kuliko ardhini. Wataalamu wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha mwaka 2015 kwamba hata kelele za ndege hupunguza utamu wa sukari, lakini huzidisha ladha ile nzito ya nyanya, uyoga na mchuzi wa nyama, ambayo Wajapani huiita umami. Ndiyo maana wengi wasiokunywa maji ya nyanya nyumbani huyaomba ndani ya ndege.

Hapo mpishi wa Katanga anaweza kutabasamu. Kapenta kwa nyanya, au uyoga wa msimu wa mvua kwa mchuzi mzito, vingeshinda huko juu vyakula vingi vya kizungu. Lakini bukari yetu si rahisi kuikuta katika sinia ile. Mara nyingi msafiri ataulizwa achague kati ya aina mbili, kama kuku au nyama ya ng'ombe, pamoja na wali, viazi au tambi. Kando yake patakuwa na mkate mdogo, siagi, saladi na kitu kitamu. Aketiye nyuma kabisa huenda akaambiwa kwamba aina moja imekwisha. Asidhani amedharauliwa: kigari kina nafasi yake, na wa mwisho hupata kilichobaki.

MHUDUMU SI MTUMWA

Mwanamke wa kwanza kufanya kazi hii alikuwa Ellen Church, Mmarekani, naye alikuwa muuguzi. Alipanda ndege tarehe 15 Mei 1930 katika safari ya kutoka upande wa San Francisco kwenda Chicago. Hakuajiriwa kwa ajili ya kugawa chai tu. Aliajiriwa ili watu wenye hofu watulie, na wagonjwa wapate msaada.

Hata leo kugawa sinia si kazi ya kwanza ya mhudumu. Kazi ya kwanza ni kuokoa maisha. Sheria za nchi nyingi hutaka awepo angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Tena aina mpya ya ndege hupimwa kama watu wote waweza kutoka katika muda wa sekunde 90, huku nusu ya milango imefungwa. Yule kijana au dada anayekuuliza «kuku au nyama?» ndiye atakayefungua mlango siku ya moto. Amefundishwa kuzima moto, kumfufua mtu aliyezimia, hata kumsaidia mama anayejifungua. Naye husimama karibu usiku wote, katika hewa ile ile kavu inayokuchosha wewe uliyeketi.

Basi kumpigia vidole au kumvuta nguo ni utovu wa adabu. Karibu na kila kiti kuna kitufe cha kumwita. Kibonyeze mara moja, ungoje. Useme tafadhali, useme asante. Maneno haya hayana uzito wa kulipiwa katika mizigo.

Kwa upande wake mhudumu naye ana deni. Msafiri wa nyuma amelipa tiketi yake, na mara nyingi amelipiwa kwa jasho la jamaa wengi: huyu ameuza mbuzi, yule ametoa akiba ya miezi. Kumjibu mzee kwa dharau kwa sababu hajui Kiingereza, au kupita haraka bila kumwonyesha jinsi meza inavyofunguliwa, ni kosa. Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kampuni imemwita mgeni. Imtendee kama mgeni, hata kama kiti chake ni chembamba.

MASHAURI KWA JAMAA

Kwanza, wakati wa kununua tiketi uliza: je, chakula kimo katika bei? Katika safari ndefu za makampuni makubwa kwa kawaida kimo, pamoja na maji, chai na kahawa. Makampuni mengine ya bei ndogo huuza kila kitu, hata maji. Mweleze mzee wako kabla hajaondoka, wala usimwache abahatishe huko juu.

Pili, mwenye haja ya chakula cha namna yake aseme mapema, angalau saa 24 kabla ya safari, na mara nyingine zaidi. Makampuni hutumia alama za herufi nne: DBML ni chakula cha mgonjwa wa sukari, CHML cha mtoto, MOML cha Mwislamu, VGML kisicho na nyama, maziwa wala mayai. Mkatoliki asafiriye Jumatano ya Majivu au Ijumaa Kuu aweza kuomba hicho cha mwisho. Huko Ethiopia jambo hili halimshangazi mtu, kwa kuwa Waorthodoksi wa huko hujinyima nyama na maziwa Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima.

Tatu, kunywa maji mara kwa mara. Pombe hukausha mwili katika hewa ambayo tayari ni kavu. Kila baada ya muda inuka, utembee kidogo, unyoshe miguu, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kujongea huweza kugandisha damu katika mishipa ya miguu.

Nne, chukua mfukoni kitu kikavu cha kutuliza njaa, kama karanga au mkate, hasa ukiwa na watoto. Usichukue chupa ya maji iliyojaa, maana katika viwanja vingi vinywaji vinavyopita mililita 100 huzuiliwa kwenye ukaguzi. Tena wale wanaokwenda Ulaya wakumbuke: nchi za Umoja wa Ulaya hazikubali msafiri wa kawaida aingize nyama wala maziwa kutoka Afrika, na sombe mbichi hutakiwa kuwa na hati ya afya ya mimea. Wengi wameona zawadi za mama zikitupwa katika pipa mbele ya macho yao.

Tano, ndege ikichelewa, usikae kimya na njaa. Sheria namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya huamuru kwamba msafiri anayeondoka katika uwanja wa nchi zao, kwa kampuni yo yote, apewe chakula na kinywaji ndege ikichelewa sana: baada ya saa mbili kwa safari fupi, na baada ya saa nne kwa safari ndefu za kutoka kwao kuja kwetu. Kijana wetu aliyeko Bruxelles ana haki hiyo sawa na Mbelgiji. Mahali pengine sheria ni mbalimbali. Soma masharti ya tiketi, au umwombe mwenye kujua akusomee. Kama utangoja ndege nyingine kwa muda mrefu katikati ya safari, uliza pia kama kampuni hutoa chakula au mahali pa kulala. Wako wanaolala sakafuni usiku mzima kwa sababu hawakuuliza.

Mtu asiyeuliza hudhani kwamba kila asichopewa amenyimwa, au kwamba kila alichopewa ni fadhili. Yote mawili si kweli. Sinia ile ndogo ni sehemu ya mapatano: msafiri ametoa fedha yake, kampuni imeahidi kumfikisha salama, kumlisha chakula safi na kumheshimu. Wazazi wanaomsindikiza mtoto Luano wamfungie nguo na vitabu, lakini wamfundishe pia maneno haya machache ya kusema kwa adabu na bila haya: «Tafadhali, naomba maji.»